Kukutana na Marasta wa Jamaika: jibu kwa msomaji anayesafiri

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mwanza, ambaye mwezi wa Aprili atakwenda Kingston, Jamaika, kwa mafunzo ya kikazi ya wiki sita. Anasema angependa kutumia siku zake za mapumziko kuwafahamu Marasta, si wale wa kwenye fulana na mabango ya muziki, bali waumini wenyewe. Anauliza wanaamini nini hasa, kama mwanamke mgeni ambaye ni Mkristo anaruhusiwa kuhudhuria ibada zao, na afanyeje kuhusu bangi, maana wazazi wake wamekwisha kumwonya kwamba huko anakokwenda kutafuta dini atakuta wavuta bangi tu.

Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kwenda. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu msafiri anayefika Jamaika hupokewa kwanza na nywele, rangi na muziki, na asipojua yaliyo nyuma yake anaweza kukaa huko muda mrefu bila kutambua kwamba alikuwa miongoni mwa watu wa dini. Ushauri wangu mkubwa ni kwamba uwaendee Marasta kama unavyowaendea waumini wa dini yoyote kwenye nyumba yao ya ibada, yaani kwa ruhusa na kwa adabu, ukijua kwamba nyumba hiyo ilijengwa kwa mateso mengi.

Imani hii ilizaliwa Jamaika katika miaka ya 1930, miongoni mwa wajukuu na vitukuu vya watumwa waliopata uhuru kamili mwaka 1838 lakini wakabaki bila ardhi na bila sauti chini ya utawala wa Uingereza. Marcus Garvey, mzaliwa wa St Ann's Bay, alikuwa amekwisha kuwafundisha watu hao waione Afrika kuwa kwao na wajivunie weusi wao. Ndipo tarehe 2 Novemba 1930 Ras Tafari Makonnen akatawazwa mjini Addis Ababa, akachukua jina la Haile Selassie wa Kwanza pamoja na vyeo vya Mfalme wa Wafalme na Simba Mshindi wa Kabila la Yuda. Maskini wa Jamaika waliokuwa wakisoma Biblia kila siku, na ambao mfalme pekee waliyefundishwa kumheshimu alikuwa Mwingereza, walifungua Ufunuo 5:5 wakamkuta simba huyo huyo. Wakafungua Zaburi 68:31 wakaikuta Kushi, ambayo kwao ni Ethiopia, ikimnyoshea Mungu mikono yake. Wahubiri kadhaa, wakiwemo Leonard Howell, Joseph Hibbert, Archibald Dunkley na Robert Hinds, walifikia karibu wakati mmoja hitimisho kwamba mfalme huyo ndiye aliyetabiriwa katika Biblia. Howell alianza kuwaambia watu wa St Thomas mwaka 1933 kwamba mfalme wao yuko Ethiopia, si London, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la uchochezi. Hapo utaona kwamba tangu siku za mwanzo, kumkiri Mungu wao kulihesabiwa kuwa uasi dhidi ya serikali.

Kuhusu mafundisho yenyewe, usitegemee kupata kanuni moja ya imani iliyoandikwa, kwa kuwa hawana papa, sinodi wala katekisimu. Yapo hata hivyo mambo ambayo karibu wote watakuambia. Mungu humwita Jah, jina linalopatikana katika Zaburi. Wanaamini kwamba Jah anakaa ndani ya kila mtu, na ndiyo maana Rasta anapozungumza juu yake mwenyewe na wewe hupenda kusema "mimi na mimi" badala ya "mimi na wewe", akimaanisha kwamba yule aliye ndani yake ndiye aliye ndani yako. Ulimwengu wa dhuluma, pamoja na serikali zake, polisi wake, mabenki yake na makanisa yaliyobariki utumwa, huuita Babeli, kama Waisraeli waliopelekwa uhamishoni. Sayuni ni Afrika, hasa Ethiopia, ambako wanatumaini kurejea kwa mwili au walau kwa moyo.

Juu ya Haile Selassie mwenyewe wanatofautiana kuliko wageni wanavyodhani. Wengi husema ni Mungu aliyefanyika mwili, wengine husema ni Kristo aliyerudi katika tabia yake ya kifalme, na wengine humheshimu kama mfalme wa ukoo wa Daudi aliyewaelekeza kwa Kristo. Huenda wewe, kama Wakristo wengi na kama watu wengi waliosoma historia ya Ethiopia, ukasikia hamu ya kuwakumbusha njaa ya Wollo ya mwaka 1973, mapinduzi ya mwaka 1974, kifo chake mwaka 1975, au mahojiano ya mwaka 1967 ambamo alimwambia mwandishi wa habari kutoka Kanada kwamba yeye ni binadamu anayekufa. Hoja hizo wamezisikia mara nyingi kuliko unavyoweza kufikiri, na wana majibu yake. Uliza upate kuelewa, usiulize ili ushinde. Mzee wa Kirasta anayependa mjadala, nao wengi wanaupenda sana, atakaa nawe kivulini saa nyingi akifungua Biblia mstari kwa mstari, na mazungumzo ya namna hiyo kwao ni sehemu ya ibada.

Katika Yohana 14:2 Yesu anasema kwamba nyumbani mwa Baba yake mna makao mengi, nao wakaziita jumuiya zao makao. Yaliyo makubwa ni matatu. La kwanza ni Nyabinghi, ambalo lina mizizi ya jina katika ukanda wetu wa maziwa makuu: Nyabingi alikuwa mzimu wa kike aliyeheshimiwa katika nchi za Ndorwa na Kigezi, mpakani mwa Uganda na Rwanda za leo, na makuhani wake wa kike, hasa Muhumuza aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1911, waliongoza upinzani dhidi ya wakoloni. Habari zake zilifika Jamaika mwaka 1935 kupitia makala ya gazeti yenye chumvi nyingi, na Marasta wakalichukua jina hilo kama silaha ya maombi dhidi ya dhuluma. Ukiwaeleza kwamba unatoka kando ya Ziwa Viktoria, si mbali na nchi ya Nyabingi, utapata wasikilizaji.

Mkusanyiko wa Nyabinghi ndio ninaotamani uuone. Hufanyika usiku, kwa siku kadhaa mfululizo, ndani ya banda la duara lisilo na kuta, lenye nguzo kumi na mbili pembeni na madhabahu katikati, na nje yake huwashwa moto ambao hauachwi uzimike mpaka siku zote zitimie. Ngoma ni za aina tatu. Iliyo kubwa hupigwa kwa rungu lililofungwa kitambaa na mshindo wake huusikia kifuani kabla ya masikioni. Ya pili, iitwayo fundeh, hupigwa mapigo mawili na kunyamaza, mapigo mawili na kunyamaza, kama moyo, kwa saa nzima bila kuharakishwa wala kupunguzwa. Ya tatu ni ndogo, yenye sauti ya juu, na mpigaji wake ndiye pekee aliye huru kucheza na mdundo atakavyo. Juu ya hizo huimbwa zaburi na nyimbo za zamani za makanisa ya Jamaika zilizobadilishwa maneno, na kila baada ya muda mtu huliita jina la Selassie na umati kuitika. Mwanamuziki Count Ossie ndiye aliyeufanya mdundo huu ujulikane nje ya makambi, akiuchota kwenye ngoma za burru walizorithi watu wa Jamaika kutoka kwa mababu Waafrika. Reggae imekula katika chungu hicho, lakini katika ibada ya Nyabinghi reggae haipigwi kabisa.

Bahati yako ni kwamba unakwenda Aprili. Tarehe 21 Aprili ni kumbukumbu ya siku Haile Selassie alipotua Kingston mwaka 1966, ambapo umati uliokadiriwa kufikia watu laki moja ulivunja uzio wa uwanja wa ndege na kuizunguka ndege, mpaka mzee wa Kirasta aitwaye Mortimo Planno akaombwa apande ngazi kumsaidia mfalme kushuka. Siku hiyo huadhimishwa kwa ngoma za Nyabinghi, na kituo cha Scott's Pass, katika wilaya ya Clarendon, ni mojawapo ya mahali panapojulikana kwa mikusanyiko hiyo. Siku nyingine kubwa, ambazo hutazikuta safari hii, ni tarehe 23 Julai, alipozaliwa mfalme, na tarehe 2 Novemba, alipotawazwa.

Makao ya pili ni ya Bobo Ashanti, yaliyoanzishwa na Prince Emmanuel Charles Edwards mwaka 1958, ambao makazi yao yako juu ya kilima huko Bull Bay, mashariki mwa Kingston. Utawatambua mjini kwa vilemba vilivyofungwa kwa ukamilifu na kwa mifagio wanayoitengeneza na kuiuza barabarani, kwani wanaamini katika kujitegemea kwa kazi ya mikono. Hawa ndio wenye nidhamu kali kuliko wote. Huishika Sabato kuanzia machweo ya Ijumaa mpaka machweo ya Jumamosi, hufunga, na husali wakiwa wameelekea mashariki. Mgeni hupokewa langoni, huulizwa alikotoka na alichokuja kutafuta, na husaliwa kabla ya kuruhusiwa kuingia. Makao ya tatu ni Makabila Kumi na Mawili ya Israeli, yaliyoanzishwa na Vernon Carrington mwaka 1968. Waumini wake husoma Biblia sura moja kila siku, kila mmoja huhesabiwa katika kabila kwa mwezi wake wa kuzaliwa, na hawamlazimishi mtu kufuga nywele. Bob Marley alikuwa wa makao haya. Kwa Mkristo anayeanza safari ya kuwafahamu, nafikiri hapa ndipo mazungumzo yatakuwa mepesi zaidi.

Sasa nijibu swali lako kuhusu mwanamke. Ndiyo, unaweza kuhudhuria, lakini si kila mahali na si kwa namna yoyote. Kwa Nyabinghi na Bobo Ashanti, mwanamke huvaa sketi au gauni refu na kufunika kichwa wakati wa ibada, ilhali mwanamume huvua kofia na kuacha nywele zake wazi. Wanaume na wanawake hukaa pande tofauti. Na kwa desturi za zamani ngoma hupigwa na wanaume peke yao, huku wanawake wakiimba na kutikisa vibuyu. Mwanamke aliye katika siku zake hatarajiwi kuingia kwenye ibada, na huko Bull Bay utaulizwa jambo hilo langoni bila kificho. Wakati huo wanawake wenyeji wa pale hukaa katika nyumba yao ya peke yao, na muda wa kujitenga hupita siku za hedhi zenyewe, wakirejea sheria za Mambo ya Walawi. Nasema wazi kwamba sheria hizi zinanisumbua, na wako wanawake wa Kirasta ambao tangu miaka ya 1980 wamekuwa wakizihoji kwa sauti, wakisema kwamba watu waliokataa kutawaliwa na Babeli hawapaswi kuwatawala dada zao. Usiende ukiwa umeamua kwamba wanawake hao hawana sauti. Zungumza nao, utakuta wanaozitetea sheria hizo kwa moyo wote, wanaozivumilia, na waliohamia makao mengine kwa sababu yake.

Chukua mitandio miwili mitatu na vitenge vya kushonwa sketi ndefu. Mavazi yako ya kwenda ibadani Mwanza yanakutosha.

Nywele, ambazo ndizo wageni huziuliza kwanza, ni nadhiri. Katika Hesabu 6:5 Mnadhiri amekatazwa wembe kupita kichwani mwake, na Samsoni alikuwa wa nadhiri hiyo. Wapo pia wanahistoria wanaoona mchango wa picha za wapiganaji wa Mau Mau zilizochapishwa magazetini katika miaka ya 1950, na wazee wengi wa Kirasta hulitaja jambo hilo kwa fahari, ingawa wapo vijana wa Kingston waliokwisha kuanza kufuga kabla ya picha hizo. Kwa hiyo usiziguse bila kuruhusiwa, wala usiulize kama huoshwa, maana huoshwa. Na nywele pekee hazimfanyi mtu kuwa Rasta, wala upara haumzuii. Hata kwetu Afrika Mashariki suala hili si la mzaha: mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shule ya Nairobi kwa sababu ya nywele zake, iliamua kwamba Urasta ni dini inayolindwa na katiba.

Chakula kitakufurahisha. Hukiita ital, na msingi wake ni kwamba mwili ni hekalu, hivyo kiingiacho kiwe hai, kitokane na ardhi na kisiwe kimechezewa na viwanda. Nguruwe na viumbe wa baharini wenye magome, kama kamba na kaa, ni marufuku kwa karibu wote. Wengi hawali nyama yoyote, wengine hula samaki wadogo wenye magamba. Wenye msimamo mkali hawatii hata chumvi, na pombe haina nafasi. Mapishi yenyewe hutahitaji kuelezwa: shelisheli, viazi vikuu, ndizi mbichi, maboga, mchicha wa aina ya kwao waitao callaloo, maharage, vyote vikichemshwa katika tui la nazi pamoja na vitunguu na pilipili nzima inayoelea juu bila kupasuka, ili chakula kipate harufu yake bila kuungua kwa ukali wake. Mara nyingi hupakuliwa katika kibuyu. Ukikaribishwa, kula, na usiombe chumvi.

Nimekuja kwenye bangi, na hapa naomba wazazi wako wasome pamoja nawe. Mmea huu uliletwa Jamaika na vibarua wa Kihindi walioanza kufika mwaka 1845, nao Marasta wakaupokea kama mboga ya kondeni iliyotajwa katika Zaburi 104:14. Katika makao ya Nyabinghi kiko cha kuvutia hupitishwa mkono kwa mkono baada ya sala, wakati wa mazungumzo ya kidini, na muumini makini huchukizwa na anayevuta kwa ulevi kama padri anavyochukizwa na anayelewa divai ya altare. Wako Marasta wasiovuta kabisa. Sheria ya Jamaika ilirekebishwa mwaka 2015: anayekutwa na kiasi kisichozidi aunsi mbili, yaani takriban gramu 57, hakamatwi bali hupewa hati ya faini ya dola 500 za Jamaika, kila kaya huruhusiwa kupanda miche mitano, na waumini wa Rastafari wameruhusiwa kuitumia katika ibada. Lakini ruhusa hiyo ya ibada ni ya waumini, haikuhusu wewe. Kuvuta hadharani bado ni kosa. Na kuibeba kupita mpaka wowote ni jinai nzito, kama ilivyo nyumbani Tanzania chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka huo huo wa 2015. Kikipitishwa kiko ukakataa kwa kuweka mkono kifuani na kushukuru, hakuna atakayekasirika. Kabla ya kurudi, kagua mikoba yako mwenyewe, na usikubali kubebeshwa mzigo wa mtu.

Ningependa ulielewe pia jambo ambalo wasafiri wengi hawaambiwi. Nchi ambayo leo huwatumia Marasta kuvutia watalii iliwatesa kwa miaka mingi. Howell alijenga kijiji cha Pinnacle huko Sligoville mwaka 1940, ambako mamia ya watu waliishi kwa kilimo chao, na polisi wakakivamia mara kwa mara mpaka wakakiharibu mwaka 1954. Aprili 1963, baada ya mapambano ya Coral Gardens karibu na Montego Bay yaliyoua watu wanane, ambayo chanzo chake kilikuwa mgogoro wa ardhi, serikali iliagiza msako wa Marasta magharibi mwa kisiwa. Waliokuwa mbali kabisa na tukio walipigwa, wakafungwa, wakanyolewa nywele zao kwa nguvu. Waziri Mkuu Andrew Holness aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali mwaka 2017, zaidi ya nusu karne baadaye. Wapo walionusurika ambao ni wazee sasa. Kwa hiyo mzee akikutazama kwa mashaka unapotoa simu ili umpige picha, mashaka yake yana historia. Omba ruhusa kwanza, na ndani ya ibada usipige picha hata kama hakuna aliyekukataza.

Vilevile jihadhari na biashara ya sura. Katika sensa ya mwaka 2011 waliojiandikisha kuwa Marasta walikuwa takriban 29,000 tu, kama asilimia moja ya watu wote, lakini katika fukwe za Negril na Montego Bay utadhani ni nusu ya nchi. Umewaona vijana wa Nungwi na Diani wanaofuga nywele kwa ajili ya wageni. Huko nako wapo, na baadhi yao hutafuta wanawake wasafiri kwa makusudi. Hilo haliondoi heshima ya wanaofanya utalii kwa imani yao wenyewe, kama Kijiji cha Asili cha Rastafari karibu na Montego Bay, ambako waumini hupokea wageni kwa malipo, huwaonyesha bustani za dawa na chakula, na hupiga ngoma kwa maelezo. Kwa mtu asiye na mwenyeji, kuanzia hapo ni jambo la busara. Kwenye ibada halisi, nenda na mtu anayejulikana pale. Wenzako wa mafunzo hawatakosa jamaa au jirani wa kukupeleka.

Mwisho, wewe utapokewa kwa namna ambayo mtalii kutoka Ulaya hapokewi. Ukisema unatoka Tanzania, utaulizwa juu ya Nyerere, juu ya Kilimanjaro, juu ya lugha yako, na pengine utaombwa kusali au kuimba kwa Kiswahili. Wengine watakuuliza kama wanaweza kuja kuishi na kupata ardhi. Usiwadanganye. Waeleze sheria zetu za ardhi na za uraia kama unavyozijua, na kama huzijui useme hivyo, kwa kuwa wenzao waliokwenda Shashemene, kusini mwa Addis Ababa, kwenye ardhi iliyotolewa na Haile Selassie mwaka 1948, walipoteza sehemu kubwa ya ardhi hiyo baada ya mapinduzi na wakaishi miongo mingi bila hati, hadi serikali ya Ethiopia ilipoanza kuwapa vitambulisho mwaka 2017. Swali la kurudi Afrika kwao si la kupitisha muda, na atakayelijibu kwa uaminifu, hata kwa habari isiyopendeza, watamheshimu kuliko atakayewaahidi mambo yasiyo katika uwezo wake.

Ukitaka zawadi ya kuwapelekea wenyeji wako, kanga au kitenge kitapokelewa kwa furaha kubwa. Epuka tu kitu chochote cha ngozi ya nguruwe, na usipeleke pombe.